Kifundo cha mbuzi mfukoni

Asanteni, asanteni sana, kaeni basi, mkisimama hivyo mi naanza kuogopa. Aliyenitambulisha kanipamba mpaka nikawa nageuka nyuma nione anamsema nani, manake mi ni mwalimu tu wa mifupa, kazi yangu miaka yote hii ni kukaa chumbani na wanafunzi na masanduku na kuwaambia huu unaitwa hivi, huu umepinda hapa kwa sababu hii, na tafadhali usiuangushe. Basi. Ila leo sijaja na sanduku, nimekuja na hiki.

Mlioko nyuma najua hamkioni, ni kidogo, kinatosha kwenye kiganja cha mtoto. Upande huu kimebonyea, upande huu kimetuna, huku pembeni kimenyooka na huku kimejikunja kama sikio. Haya, ni nini? Kuna mtu kasema jino. Kuna mwingine pale kasema gololi iliyoharibika, huyo nimempenda. Ni mfupa jamani, mfupa wa kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi, unakaa kati ya muundi na kisigino, na we unao wa kwako, mmoja kila mguu, ila wako una umbo tofauti kwa sababu unatembea kwa miguu miwili na mwili wako wote umekaa juu yake saa hii hii unaponisikiliza. Wewe umekaa kwenye kiti, sawa, lakini mmenielewa.

Sasa hiki kidude, kabla hakijawa somo la darasani, kilikuwa kitu cha kuchezea, na kimekuwa hivyo kwa miaka elfu na maelfu. Ukikirusha kinaanguka kwa pande nne, zile ncha mbili zimeviringika mno hakisimami kirahisi. Wagiriki na Warumi wa kale wakazipa pande zile namba, pande mbili pana zikawa 3 na 4, zile nyembamba zikawa 1 na 6, na ukipiga hesabu utaona walikuwa wanajua wanachofanya, manake kwa umbo lake kifundo kinalalia zaidi zile pande pana. Wamongolia wanachezea vifundo mpaka leo, wao hawana namba, wana farasi, ngamia, kondoo na mbuzi, kila upande mnyama wake. Na kuna ule mchezo mwingine wa Wagiriki, unashika vitano, unavitupa juu, unageuza mkono haraka unavipokea kwa mgongo wa kiganja. Naona kina mama pale wanacheka, mnaujua eh? Mdako na ndugu zake wote, mawe, kokwa, vifundo, chochote kinachotosha mkononi.

Kilatini kifundo hiki kinaitwa talus, na neno hilo hilo ndo lilikuwa jina la kile cha kuchezea, wala hawakuona haja ya kutafuta neno la pili. Madaktari bado wanauita hivyo mfupa wako na wangu. Kwa hiyo kila mwaka wanafunzi wangu wanakariri jina la mchezo usiku kucha wakijua wanakariri sayansi.

Utajuaje sasa kama kifundo kilichofukuliwa ardhini kilichezewa au ni masalia tu ya mtu aliyekula nyama akatupa? Unaangalia. Vingine vimesuguliwa pande mbili vikawa bapa, vingine vimetobolewa vikajazwa risasi, ile madini ya risasi, ili viwe vizito, vingine havijafanywa kitu chochote ila vimelainika kama sabuni iliyotumika, kwa sababu vilishikwa, vikarushwa, vikashikwa tena, miaka. Mkono unaacha alama kwenye kitu unachokichezea, hilo halimshangazi mtu. Mi nilichokuja kuwaambia ni kwamba na kitu kile kinaacha alama kwenye mkono, na mara nyingi alama hiyo ndo inayobaki, kitu chenyewe kimeshaoza zamani.

Hebu tuvikumbuke kidogo basi vitu vya kuchezea vya utotoni mwetu, si ndo mlichokuja nacho vichwani mlipoona kichwa cha habari. Pia. Tiara. Manati. Gari la waya lenye usukani mrefu unaendesha umesimama. Ringi la baiskeli na kijiti. Mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, ukilowa unakuwa jiwe. Kamba ya kuruka, wawili wanazungusha mmoja yuko katikati na kila mtu anamtafutia kosa. Mwanasesere wa matambara asiye na pua. Nimeona wazee wameanza kutikisa vichwa na macho yameanza kwenda mbali, basi nitawapa neno lenu, neno lenyewe ni ugonjwa. Kweli kabisa, nostalgia, ile hamu ya mambo ya zamani, lilitungwa na kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, kule Basel, Uswisi, mwaka 1688, akachukua neno la Kigiriki la kurudi nyumbani akaliunganisha na neno la maumivu, na akaliandika kama jina la maradhi ya watu waliokuwa mbali na kwao, wanakonda, hawalali, wanalia. Saa hizi tunalitumia tukiona picha ya gololi.

Na gololi nataka nikae nayo kidogo kwa sababu nilikuwa mtu wa gololi, pia ilinishinda, tiara nitawaambia baadaye ilinifanya nini. Angalia mkono wa mtoto anayepiga gololi. Anachuchumaa kabisa, makalio karibu yaguse visigino, nyayo zote ziko chini, anaweza kukaa hivo nusu saa na asihisi kitu, wewe ukijaribu saa hizi utaomba kuinuliwa. Gololi inakaa kwenye kidole cha shahada, gumba liko nyuma yake limebanwa, vidole vingine vimekunjwa, jicho moja limefungwa ingawa halisaidii lolote, halafu gumba linafyatuka. Mkono mmoja una mifupa 27, kuanzia kiwiko cha kiganja, yaani pale kwenye kifundo cha mkono, mpaka ncha za vidole, na karibu yote imehusika kwenye kile kitendo kimoja cha kufyatua. Mtoto anarudia mara mia mbili kwa siku. Kesho tena.

Sasa mfupa wa huyo mtoto sio kama wa kwako, na hapa watu wengi hawajui. Tunazaliwa na vipande karibu 300, mtu mzima ana 206, hiyo mingine haijapotea, imeungana. Fupa la paja la mtoto ni kama vipande kadhaa vinavyongoja kuwa kimoja, katikati ni mfupa, huku mwisho ni mfupa, na kati yao kuna gegedu, kitu laini kama kile cha kwenye sikio, na hapo ndo urefu unapotoka. Kiganja ndo kinachekesha zaidi. Ukimpiga mtoto mchanga picha ya eksirei, pale kwenye kifundo cha mkono huoni mfupa, unaona nafasi nyeusi, mkono unaelea kama umekatwa ukawekwa karibu karibu, kwa sababu vile vifupa vinane bado ni gegedu na gegedu haionekani vizuri kwenye picha. Halafu vinajitokeza kimoja kimoja, viwili vinaanza ndani ya mwaka wa kwanza hivi, vingine vinafuata taratibu, kile kidogo cha mwisho kinakuja mtoto ameshaanza kuficha mambo yake kwa wazazi. Ndo maana daktari akiangalia picha ya mkono anaweza kukadiria umri wa mtoto bila kumuuliza. Mfupa wa mwisho kumaliza ni mtulinga, huu hapa chini ya shingo, ule upande wa kifuani, unafunga mtu ana miaka ishirini na kitu kwenda kwenye thelathini, kwa hiyo mlioko hapa mna miaka 22 na mnatuambia mmeshakua, mitulinga yenu inasema subiri kwanza.

Na katika kipindi chote hicho mfupa unasikiliza unachoufanyia. Daktari wa Kijerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892, kwamba mfupa unajijenga kufuata mzigo unaobeba. Unadhani mfupa ni kama nguzo ya nyumba, ikishasimama imesimama, hapana, uko hai, una seli zinazoula na seli zinazoujenga upya, kwa mtu mzima kama sehemu moja ya kumi ya mifupa yake inabadilishwa kila mwaka. Usipoutumia unaliwa kuliko unavyojengwa, wanaanga waulizeni, wakikaa juu huko hawana uzito wanapoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kwa mwezi, na hao wanafanya mazoezi kila siku.

Watafiti wa Ufini waliwapima wanawake wachezaji wa tenisi mikono yote miwili, wazo la akili sana hilo kwa sababu mtu anajilinganisha na mwenyewe, damu ile ile, chakula kile kile, tofauti ni raketi tu. Mkono wa raketi ulikuwa na mfupa mwingi zaidi, hilo tulilitegemea. Ila walioanza kabla ya kuvunja ungo tofauti yao ilikuwa mara mbili na zaidi ya wale walioanza ukubwani. Halafu mwaka 2014 wengine kule Marekani wakafanya hivyo hivyo kwa warushaji wa besiboli, wakawafuata mpaka wazee walioacha kucheza miongo na miongo, wakakuta kama nusu ya ule unene wa ziada wa mfupa walioupata ujanani bado upo. Nusu! Mtu hajarusha mpira miaka hamsini na mfupa bado unamkumbuka yule kijana. Nikisoma hiyo mara ya kwanza niliushika mkono wangu wa kulia hapa juu nikaubinya binya kama mtu anayechagua embe, nikitafuta manati zangu zote.

Kule Uingereza kuna meli ya kivita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 na ikatolewa majini mwaka 1982 na mifupa ya watu wake ndani. Pale juu ya mfupa wa bega kuna kincha ambacho kinatakiwa kiungane na mfupa wenyewe mtu akiwa kijana. Kwa baadhi ya mabaharia wale hakikuwa kimeungana, na kwa idadi kubwa kuliko kawaida, na melini kulikuwa na pinde nyingi sana, zile ndefu zinazohitaji mgongo mzima kuzivuta. Wataalamu wakaunganisha, hawa walikuwa wapiga upinde, na walianza wadogo kabla kile kincha hakijapata nafasi ya kushika. Inaingia akilini ukijua kwamba sheria ya enzi hizo iliwataka hata watoto wa kiume kuanzia miaka 7 wawe na upinde na mishale. Kwa mtoto wa miaka 7 upinde ni nini kama sio mchezo? Serikali ilikuwa inamwandaa kwa vita, yeye yuko nyuma ya nyumba anapiga kopo.

Ila na mimi lazima niwe mkweli, kuna mahali mfupa unatuacha solemba. Mnakumbuka kile kifundo, talus, chako wewe. Mtu aliyechuchumaa sana maishani anaweza kuwa na kijialama pale kwenye shingo ya kifundo hicho na kwenye ukingo wa chini wa muundi, sehemu ndogo iliyolainika ambapo mifupa miwili imekuwa ikigusana kila alipokunja mguu mpaka mwisho. Nikiiona alama hiyo kwenye sanduku moyo wangu unaruka unasema, huyu alicheza gololi! Ukweli ni kwamba inawezekana alikuwa anafua, au anapalilia, au ndo alivyozoea kupumzika. Kule Syria kuna kijiji cha kale kinaitwa Abu Hureyra, mtafiti Theya Molleson alikuta vidole vya miguu na magoti ya wanawake yameharibika kwa namna moja, akafuatilia mpaka akafika kwenye jiwe la kusagia, walikuwa wanapiga magoti na vidole vimekunjwa chini, wanasaga nafaka siku nzima, maisha mazima. Mfupa unakuambia mtu alikunja mguu. Alikunja akicheka au akilia, hapo unanyamaza.

Na hii inanipeleka kwenye kitu ambacho kitawaudhi wazee wenzangu, mnisamehe. Tukikaa tukaanza kusema enzi zetu watoto walikuwa fiti, tulicheza nje, hatukuwa na simu, hatukuugua ugua, mi huwa nanyamaza kwa sababu nimeyaona masanduku. Jino linaanza kutengenezwa kabla hujazaliwa, enameli, lile ganda gumu jeupe la nje, inawekwa tabaka kwa tabaka, na haibadilishwi tena maisha yako yote, sio kama mfupa. Chini ya hadubini unaziona zile siku, mstari mmoja kila siku, na kuna mstari mmoja mzito zaidi ambao ni siku yenyewe uliyozaliwa, ule mshtuko wa kutoka. Mtoto akiugua sana au akikosa chakula wakati jino liko ndani ya ufizi linajengwa, kazi inasimama, na jino likitoka linatoka na mfereji, unaupitishia ukucha unauhisi. Mimi nimepitisha ukucha kwenye meno ya watoto wa zamani mengi, na mifereji ninayoihisi ni mingi. Mfereji hapa, chini kidogo mwingine, chini tena mwingine, huyu mtoto aliponea chupuchupu mara tatu kabla hajafika miaka mitano. Kwenye mifupa mirefu kuna mistari mingine inayoonekana kwenye eksirei, inaitwa mistari ya Harris, zamani tulikuwa tunasema kila mstari ni ugonjwa au njaa, siku hizi watu wanabishana kidogo, wengine wanasema hata ukuaji wa kawaida unaweza kuiacha, basi hiyo tuipe nusu ya imani. Matege lakini hayana ubishi, mfupa uliokosa vitamini D unapinda na unaweza kubaki umepinda, na miji ya viwanda ya Ulaya ya karne ya 19 iliyojaa moshi ilijaa watoto wa aina hiyo, jua hawalioni.

Kwa hiyo ile pia yako ya mti unayoililia ilikuwa tamu, sikatai, ilikuwa tamu kwangu pia. Ila sisi tunaoikumbuka ni sisi tuliofika. Wale mifereji iliyowashinda hawapo hapa ukumbini kusema enzi zetu.

Nimewanyamazisha. Samahani, ngoja nirudi.

Hiyo enameli ina jambo zuri pia. Maji unayokunywa na chakula unachokula utotoni vinabeba madini ya udongo wa pale ulipo, strontiamu na mengine, na udongo wa kila mahali una vipimo vyake, sasa jino likishafunga limefunga na kale kaudongo. Yule mtu aliyekutwa kwenye barafu milimani kati ya Austria na Italia mwaka 1991, Ötzi, alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kwa meno yake wamejua alikulia mabonde ya upande wa kusini, kama kilomita 60 tu au pungufu kutoka alipofia. Unaweza kuhama mara kumi, ubadilishe lafudhi, ubadilishe jina, jino la utu uzima la nyuma bado linakaa kule kwenu ulikokuwa unakimbiza ringi.

Vya kuchezea vyenyewe viko wapi basi? Hilo ndo swali ninaloulizwa sana, mwalimu kwenye makaburi ya watoto mnakuta nini. Jibu ni kwamba mara nyingi tunakuta mtoto tu. Matambara yanaoza, mti unaoza, majani, makaratasi, maganda, vyote vinakwenda, na vitu vya watoto karibu vyote vilitengenezwa kwa hivyo. Kinachobaki ni udongo wa kuchoma, jiwe, mfupa, pembe. Mwaka 1889 Roma walikuwa wanachimba msingi wa jengo la mahakama wakakuta jeneza la mawe la msichana, jina limeandikwa, Crepereia Tryphaena, karibu miaka 20 hivi alikuwa, na pembeni yake mwanasesere wa pembe ya ndovu, mabega, viwiko, nyonga, magoti, vyote vina viungo vinakunja, nywele zimesukwa kwa mtindo wa mjini wa wakati wake. Viungo vile nilivisoma kama mwalimu wa mifupa nikacheka peke yangu, fundi aliyemchonga alijua goti linakunjia wapi kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Halafu kuna Mtoto. Hilo ni jina lake kabisa, Mtoto, wataalamu wa dunia nzima wanalisema kwa Kiswahili. Alikutwa kwenye pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, taarifa zake zikatoka mwaka 2021, alizikwa miaka kama 78,000 iliyopita na ndo kaburi la zamani kuliko yote ya binadamu wa aina yetu tunayoyajua Afrika. Meno yalisema ana miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga, walibeba bonge zima la udongo na plasta mpaka maabara wakaanza kulichimba huko taratibu. Na namna mifupa ilivyokaa ndo imetoa habari, alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, mifupa ya juu ya mwili imebanana namna ya kitu kilichofungwa ndani ya nguo au majani, na kichwa na shingo vimeanguka kwa pembe fulani ambayo inatokea kama chini ya kichwa kulikuwa na kitu laini, kikaoza, kichwa kikalala kwenye nafasi ile. Mto. Hakuna aliyeuona mto wenyewe, wameona kichwa kilivyoshuka.

Mi naongeza langu hapa, sio la kisayansi, na mkinukuu msininukuu. Mtoto wa miaka mitatu aliyewekewa mto hakukosa kitu cha kushika. Kijiti, kokwa, gamba la konokono. Hakikukutwa na hakitakutwa, na mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo kwenye mtihani namnyima maksi. Ila nakaa nacho.

Na ni vizuri mjue tunavyoshindwa kwa watoto hasa. Mtu mzima nikipewa nyonga nitakuambia mwanamume au mwanamke na nitapatia mara nyingi sana, mtoto hapana, nyonga bado hazijaamua, kwa hiyo mtu akikuonyesha mifupa ya mtoto mdogo akakuambia kwa kuangalia tu huyu ni wa kike alikuwa anachezea mwanasesere, muulize amejuaje. Wanaweza kujua kwa vinasaba, au kwa protini ya kwenye enameli, sio kwa macho. Na sanamu ndogo ya udongo ikikutwa watu wanapenda kusema ni ya ibada. Kila kitu ibada! Mtu hajawahi kumwona mtoto na udongo mbichi?

Sasa ile habari ya tiara. Nilikuwa na miaka 8, tiara yangu imenasa juu ya mti, uzi ulikuwa mzuri, wa nailoni, sio wa kuacha, nikapanda. Nilikuja kuutambua mti vizuri zaidi nikiwa nashuka kwa sababu nilishuka kwa haraka. Mkono huu wa kushoto, mfupa wa upande wa gumba, karibu na kiganja. Mfupa wa mtoto hauvunjiki kama wa mzee, unavunjika kama kijiti kibichi, upande mmoja unapasuka mwingine unapinda tu, nilifungwa plasta wiki tano na nikawa mfalme wa darasa, kila mtu anataka kuandika jina lake. Maumivu yale nayakumbuka mpaka leo, sauti yake naikumbuka. Miaka michache nyuma mkono huo huo ukaanza kunisumbua kwa sababu nyingine kabisa, nikapigwa eksirei, na nikamwambia kijana wa picha kwa kujisifu kidogo, utaona hapo nilivunjika. Akaangalia. Akaivuta picha ikawa kubwa. Akaangalia tena, halafu akaniuliza kwa heshima zote, mzee wangu, una uhakika ni mkono huu?

Hakuna kitu. Nimefundisha watu miaka mingapi na mimi mwenyewe nikasimama pale nikaitafuta alama nisiione. Mtoto akivunjika mapema na pale karibu na sehemu ya ukuaji mfupa una muda wa kujisahihisha, unakula palipotuna, unajaza palipobonyea, unarefuka, ukimaliza umenyooka kama hakujawahi kuwa na mti wala tiara. Nikifa nikawekwa sandukuni, mwalimu atakayekuja baada yangu atawaambia wanafunzi huyu bwana mkono wake wa kushoto hakupata tatizo lolote utotoni. Atakuwa mwalimu mzuri tu, na atakuwa amekosea.

Basi mi nimemaliza maneno. Maswali tutaulizana huku tunafanya kitu, kwa sababu hiki kimoja nilichowaonyesha sikuja nacho peke yake, mfukoni kuna vingine vinne, vyote nimevichemsha na kuvisugua msiogope. Vitano. Nahitaji mtu mmoja mbele hapa. Mama, karibu, nilikuona ulivyocheka pale mwanzo. Usichuchumae kama magoti hayataki, tutaweka mezani... haya, kachuchumaa, mmeona? Tupa juu mama. Geuza mkono, geuza!

Vinne! Vinne jamani kwenye mgongo wa kiganja, makofi. Cha tano kimekimbilia chini ya viti, mlioko mstari wa pili naomba mniangalizie hapo miguuni, ni kidogo, kimejikunja upande mmoja kama sikio.